Niliandikia Kila Mgonjwa Pumzi Kumi na Nane

Nianze na lililo baya kabisa, halafu mnidharau mkipenda. Mimi mwenyewe nimeshawatangulia. Mwanamke aliyenifundisha uuguzi wa hapa Uingereza nilimsingizia kwa maandishi, nikatia sahihi, na leo nimekalia kiti chake.

Nitamwita Mwalimu tu. Ni mama wa Kikenya aliyekuja London akiwa msichana, enzi ambazo wasichana weusi wakija kusomea uuguzi walisukumwa kwenye cheti cha daraja la chini na kukabidhiwa mabakuli ya haja wakayamwage. Yeye alikataa. Alisoma upya jioni baada ya zamu, akapanda pole pole, hadi akawa mwalimu wa kwanza mweusi katika chuo chake cha uuguzi. Haya nilikuwa nayajua kwa sababu aliyarudia mara nyingi, na kila akiyarudia mimi nilikuwa naangalia simu.

Mimi nilitoka Kenya nikiwa nesi kamili, nikaishia kulisha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee huko Hounslow huku nikingojea mtihani wa vitendo wa kunipa leseni. Mwalimu alitufundisha bure, sisi Wakenya wa hali hiyo, kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa Wembley. Mgonjwa wetu alikuwa mto uliovishwa shati la marehemu mume wake. Saa yake aliibana kifuani kwa pini, na sweta lake la kijivu lilikuwa limechoka kutushinda sisi.

Nilimdharau, siwafichi. Niliwaambia wenzangu, "Huyu mama amekaa majuu miaka yote hii na bado anavaa kama anaenda kukama ng'ombe." Walicheka, nami nikajiona mjanja. Leo nikikumbuka kicheko kile natamani kujizaba kofi.

Somo lake kubwa lilikuwa pumzi. "Mkimaliza kuhesabu mapigo, msiuachie mkono wa mgonjwa," alikuwa akisema. "Endelea kuushika, umwangalie kifua, uhesabu kimya kimya dakika nzima. Akijua unahesabu pumzi zake atazibadilisha. Na si nusu dakika mara mbili, nimesema dakika nzima."

Dakika nzima! Nani ana dakika nzima kwenye wodi? Nilifaulu mtihani kwa mikono yake, nikaajiriwa katika hospitali ambako yeye alikuwa akileta wanafunzi wake kujifunza, na wiki ya pili tu nikaanza kufanya wanavyofanya wavivu wote: nikaandika kumi na nane kwa kila mgonjwa. Ni namba nzuri, ya mtu mzima asiye na shida. Haimshtui daktari wala mtu yeyote.

Siku moja Mwalimu akafika na wanafunzi wake, akachukua chati zangu. Wagonjwa sita, wote kumi na nane. Akaniuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini ili nisiaibike, "Hawa sita wanapumua pamoja kama kwaya?"

Akanipeleka kwenye kitanda cha mzee mmoja wa Rayners Lane, akanikabidhi mkono wake. "Hesabu." Nikahesabu dakika nzima, wanafunzi wakitazama. Pumzi thelathini na mbili. Daktari aliitwa mbio, na yule mzee akapona. Mtu mwenye akili angeshukuru, lakini mimi nilichobeba kwenda nacho nyumbani ni macho ya wale wanafunzi.

Haikupita muda meneja akaniita. Kuna wanafunzi walikuwa wamelalamika kwamba Mwalimu ni mkali, na wakubwa walikuwa wanatafuta maneno ya Mkenya mwenzake. Meneja yule alikuwa na tabasamu la muuza bima. Aliniambia wanatafuta nesi wa kufundisha wanafunzi wodini, na jina langu limetajwa. Halafu, kana kwamba amekumbuka ghafla, akauliza, "Na hizi chati zako zenye kumi na nane tupu, hebu nieleze."

Niliona leseni yangu inateketea. Niliona Hounslow, uji na vijiko vya plastiki. Nikachukua kalamu, na hakuna aliyenishika mkono. Niliandika kwamba Mwalimu ni mnyanyasaji. Niliandika kwamba ni yeye aliyetufundisha, Jumamosi kanisani, kuandika kumi na nane bila kuhesabu ili kuokoa muda.

Yeye! Kati ya watu wote wa dunia hii, yeye.

Karatasi yangu ilisomwa mbele yake. Aliondolewa kufundisha, akastaafu kabla ya wakati wake, na hakuna aliyemwandalia hata kikombe cha chai. Wenzangu wa Jumamosi hawakuulizwa chochote. Darasa la kanisani likafa, na waliokuwa hawajafanya mtihani wakabaki kulisha wazee. Mimi nikapewa kazi. Nawafundisha wanafunzi kushika mkono na kuhesabu dakika nzima, na wananisifu kwa mbinu yangu. Wakiuliza nani alinifundisha, nasema nilijifunza tu kazini.

Januari iliyopita nilikuwa kituo cha basi Wembley na mifuko ya unga, nikasikia, "Hujambo, mwanangu." Sweta lilelile chini ya koti, na saa imebanwa kwenye koti.

"Sijambo, Mwalimu." Nilimpa mkono. Hakuuachia.

Nilingoja anitukane, maana nilikuwa nimejiandaa kwa matusi miaka yote hiyo. Vidole vyake vilitelezea kwenye kifundo cha mkono wangu, macho yakaenda kwenye saa, kisha kwangu. Baridi ilikuwa kali na pumzi yangu ilionekana mbele ya uso wangu, kila moja, sikuwa na pa kuificha. Basi langu lilikuja likaondoka. Dakika nzima.

"Ishirini na nane," akasema, akaniachia. "Ukiulizwa, uiandike ilivyo." Akaenda zake kununua mboga.

Ndugu zangu manesi, mkiitwa ofisini kumsema mtu aliyewashika mkono, mjue kwamba kile kiti mtakachopewa hakikaliki. Mimi nakikalia kila siku na sijawahi kupumua kumi na nane tena.

Na msinisifu kwa kuungama. Jina lake ndilo nililomharibia, na ndilo lilipaswa kuwa juu ya ukurasa huu. Nimelificha, kwa sababu mkilijua lake mtalijua langu.