Matairi ya Kashata kwenye Mchanga wa Newala

Matairi ya kashata yanapiga kelele kwenye lami, hilo sibishani na mtu. Ukitoka Masasi, pikapu yangu inanguruma chini kwa chini kama mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili, na abiria mgeni lazima aniulize kama kuna kitu kimelegea. Namwambia hakuna kilicholegea, asubiri tufike kwa mama mkwe. Lami ikiisha na mchanga ukianza, gari linatulia, na abiria naye anatulia. Nimetembelea matairi ya namna hii kwa zaidi ya miaka kumi, sasa niko kwenye seti ya tatu, na ninayoyasema ni ya mtu aliyeshika usukani, si ya mtu wa kijiweni.

Kwa asiyejua magari, kashata ni yale mabonge ya mpira yaliyosimama usoni mwa tairi, yamepangwa kama kashata ya nazi iliyokatwa ikiwa bado kwenye sinia. Tairi la lami uso wake ni laini, mistari yake myembamba. Tairi la kashata linang'ata.

Mimi si mtu wa huku. Kwetu ni Mbeya, kwenye baridi na migomba, na nililetwa Newala na kazi ya kufundisha jiografia sekondari. Hapa nikaolewa na mwalimu mwenzangu, mzaliwa wa uwanda huu wa Makonde. Hatukujaliwa mtoto. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto pekee wa mama yake, na kwa Wamakonde, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, mwanamke asiye na binti anazeeka na hofu yake moja: nani atabaki naye. Naitaja hofu hiyo mapema kwa sababu habari ya matairi yangu haiachani nayo. Mume wangu alipofariki, watu wote walitaka kujua kama nitabaki na mama yule au nitarudi kwetu.

Tuanze na siku za uhai wake. Mama mkwe anakaa kijijini, nje kidogo ya barabara iendayo Tandahimba, na kufika kwake unapita njia ya mchanga kati ya mikorosho. Maji ya Newala kila mtu anayajua shida yake. Tulinunua pikapu ili kila Jumamosi tumpelekee maji kwenye mapipa, maana mama yule alikuwa ameteremka bondeni na kupanda na ndoo kichwani tangu usichana wake, na magoti yalikuwa yameanza kumdai. Gari lilikuja na matairi laini, ya mjini kabisa. Kila Jumamosi tulikwama. Mume wangu alikuwa anakata matawi ya kutandika chini ya magurudumu, mimi nafukua mchanga kwa sahani ya bati, na tunagombana tangu tairi la kwanza kuzama mpaka la mwisho kutoka.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa upepo. Yeye aliamini, kama wanavyoamini wabeba korosho wengi wa huku, kwamba mzigo mzito unataka tairi gumu kama jiwe. Mimi nilimwambia tupunguze upepo, tairi lilale kidogo, likanyage mchanga kwa upana. Akasema mwanamke wa milimani atajua nini kuhusu mchanga. Basi siku moja alipokwenda kutafuta matawi, nikachukua kijiti, nikabonyeza valvu moja baada ya nyingine mpaka matairi yakatoa vitambi. Nikaingia, nikawasha, nikatoka. Aliporudi na matawi yake begani, alinikuta nimeegesha mbele kwenye ardhi ngumu. Hakunisemesha njia nzima, na tulipofika kwa mama yake akaangua kicheko mpaka akashindwa kushusha mapipa. Namkumbuka hivyo, amejishika mbavu, na mama yake anauliza kuna nini. Nampenda mpaka leo.

Baada ya hapo tulifunga seti yetu ya kwanza ya kashata. Mchanga tukausahau. Masika nayo, ule udongo mwekundu unaoteleza kama mlenda haukututisha tena, mradi uende taratibu na usikanyage breki kwa hofu. Tulijifunza pia kwamba adui wa tairi la kashata si pancha. Pancha inazibwa. Adui ni kisiki cha mkorosho uliokatwa vibaya, kikichana tairi ubavuni, maana ubavu haushoneki ukadumu. Mume wangu alisema kila aliyekata mkorosho akaacha kisiki kirefu aitwe mkutanoni ajieleze. Alikuwa mtu wa maneno.

Aliugua muda mfupi, akafariki. Tulimzika kijijini kwa mama yake, na wanafunzi walikuja wengi.

Baada ya arobaini, ukoo ulikaa kikao. Mjomba wa marehemu, yaani kaka yake mama mkwe, ndiye aliyesema, kama ilivyo desturi yao. Alisema kwa upole sana, na upole ule ndio ulioniudhi.

"Mwalimu, sisi si watu wa kumfunga mtu," alisema. "Wewe una kwenu, na wazazi wako wako hai. Mtoto hukupata hapa. Ukitaka kurudi tutakusindikiza kwa heshima, tukukabidhi kwa wazee wako kwa mikono miwili. Gari ni lako, hatuna neno nalo."

Wote wakaitikia kwamba ndiyo, ni lako. Walidhani wananifungulia mlango. Mimi niliona natolewa nje. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa zamani, nikalima na kupalilia, ming'oko nilikwenda kuichimba porini na mama huyo huyo, nikaimenya na kuichemsha jikoni kwake. Sasa naambiwa nisindikizwe kama mgeni aliyekuja kusalimia! Nilitaka kulisema hilo kwa sauti. Nilimtazama mama mkwe, naye alikuwa ameinamia mkeka, anachomoa ukindu mmoja kwa kucha. Kwa desturi kikao kikikaa, neno ni la mjomba. Nikawaambia nimesikia, naomba nafasi ya kufikiri, nikainuka.

Na nilifikiri kweli, nisijifanye jiwe. Mama yangu mzazi alikuwa ananipigia simu kila jioni, nirudi nyumbani, uhamisho wa walimu unaombwa. Nilikuwa na hamu ya baridi ya kwetu, na ya kuitwa kwa lugha yangu. Mezani nilikuwa nakaa peke yangu, nikisahihisha madaftari huku nimewasha redio kuanzia habari mpaka mpira, ili tu kuwe na mtu anayeongea. Jumamosi moja nilipeleka maji, mama mkwe akanipokea, akanishukuru kama anavyomshukuru jirani. Hakuwahi kunishukuru kabla ya hapo. Nikajua ameanza kujizoeza kukaa bila mimi.

Matairi nayo yalikuwa yamekwisha. Kashata zimelika mpaka zimekuwa kipara, na uliobaki ulikuwa mpira mkavu wenye nyufa. Nikashuka Masasi kutafuta mengine. Muuza duka alikuwa kijana mchangamfu, akaniuliza swali ambalo kila muuza matairi huuliza.

"Shikamoo mama. Gari linakwenda wapi zaidi?"

"Marahaba. Linaweza kwenda Mbeya," nikamwambia. Hilo ndilo lililonitoka.

"Ah, Mbeya! Unapita Tunduru, Songea, Njombe, lami mwanzo mwisho. Basi achana na kashata, mama. Zitakupigia kelele mpaka masikio yaume, na mafuta utalinywesha gari bure. Chukua haya laini, utateleza mpaka kwenu."

Akayatoa. Yalikuwa mazuri, meusi, yananukia upya. Niliyashika. Na nikiwa nimeyashika nikaona wazi kwamba nikiyafunga hayo, hata nisipoondoka wiki ile, tayari nimeondoka, maana Jumamosi siwezi kupita kwenye ule mchanga. Nikamwona mama yule na magoti yake, anateremka bondeni. Nikaona pia kitu kingine ambacho sikukitarajia: sikuwa namwonea huruma. Nilikuwa na wivu. Nani mwingine angepeleka maji pale kwa mama, ambako ndiko kwangu?

"Yarudishe," nikamwambia. "Nipe ya kashata."

"Si umesema Mbeya?"

"Mbeya wana mabasi."

Akacheka, akaniletea. Hapo nikarudi kuwa mwalimu. Niliinama nikasoma tarehe ya kutengenezwa iliyopigwa ubavuni, kwa sababu tairi jipya lililokaa dukani miaka mingi ni zee lililopakwa rangi. La kwanza nikalikataa, la pili nikalikubali, na kijana akaacha kunieleza mambo. Nikafungiwa yote manne, nikapimiwa upepo mbele ya macho yangu, nikapita njia ya Lulindi na kupanda mlima wa Newala dirisha likiwa wazi. Sikusimama nyumbani kwangu. Nilijaza mapipa, nikaenda moja kwa moja kijijini.

Mjomba alikuwa pale, amekuja kumjulia hali dada yake. Nikawaamkia wote wawili, shikamooni, nikaanza kufungua kamba za mapipa bila maelezo. Mama mkwe aliinuka, akalizunguka gari. Akapiga magoti kwa taabu kwenye tairi la nyuma, akaingiza kidole kati ya kashata, kikazama. Akaingiza na cha pili. Mjomba akakohoa, akasema kwamba kwa kuwa nimekuja mwenyewe, pengine leo ningewapa lile jibu la kikao.

"Unamwuliza nini tena?" mama mkwe akamkatiza, na sijawahi kumsikia akimkatiza kaka yake kabla wala baada. "Anayeondoka hununua tiketi. Hanunui matairi."

Kisha akaniambia nimechelewa, chakula kimepoa.

Tangu siku hiyo nimepitisha matairi yale katika kila kitu ambacho uwanda huu unacho. Siri ya kudumu kwake si kubwa. Ya mbele nayapeleka nyuma na ya nyuma mbele kabla hayajala upande mmoja. Nikiingia mchangani napunguza upepo, nikirudi barabarani naujaza kwa pampu ndogo ya kuchomeka garini. Mwenye haraka ya kuruka hatua hiyo ya pili atakula matairi yake mwaka mmoja, kisha atalaumu kiwanda. Visiki navikwepa, na mwenye shamba namwambia avikate vifupi. Wakati wa mabibo ya mikorosho naosha magurudumu, maana yale maji yake yakikauka na mchanga yanagandamana kama saruji.

Lami nayo ikaja, ikakata mitaa ambayo zamani tuliipita kwa dua. Walimu wenzangu wakapata cha kunitania. "Mwalimu, unavaa gumbuti sebuleni!" Kila nikiegesha shuleni kuna mmoja anayeziba masikio. Nawajibu usiache mbachao kwa msala upitao, na kwamba lami haijafika kwa mama mkwe wangu. Masika ikichachamaa, hao hao ndio wanaonibishia hodi: kuna mgonjwa kijijini, kuna msiba upande wa Chidya, kuna bibi harusi amekwama na gauni lake kwenye tope. Nakwenda, lakini kwanza nawakumbusha gumbuti. Mtu asiyeringia kitu chake atakiringia cha nani?

Mwaka huu nilifunga seti ya tatu. Muuza duka ni yule yule, sasa ana kitambi na ameacha kunishauri. Mama mkwe amezeeka sana. Macho yameingia ukungu, na mchana kutwa anakaa barazani upande wa kivuli, lakini ngurumo ya gari langu anaitambua likiwa bado mbali, na mpaka nafika ameshaagiza kigoda changu kitolewe. Jumamosi ya kwanza ya matairi haya mapya alisikia sauti imebadilika. Akaomba apelekwe ayaone. Nilimshika mkono, tukaenda polepole, nikamwekea kiganja juu ya tairi. Akalipapasa lote, uso na ubavu, bila haraka.

"Haya yatakaa miaka mingapi?" akauliza.

"Mitano, mama. Nikiyatunza, yatakaa mitano."

Akaitika kwa kichwa, akaendelea kupapasa.

"Basi mimi yananitosha," akasema. "Wewe je, yakiisha utanunua mengine?"

Nilijua anauliza nini. Jibu sikulitafuta, nililikuta mdomoni.

"Nitanunua, mama. Ya kashata."

Akalipiga lile tairi kofi dogo, kama mtu anayefunga mazungumzo, akaniambia nishushe maji kabla jua halijakuwa kali.