Wimbo Nilioagiza Ufutwe

Kitinda mimba wangu alikuwa mwimbaji wa bendi ya kelele mjini Muyinga. Wenyewe waliuita muziki wao panki. Mimi nililijua neno hilo kama mkato wa nywele, tangu ujana wangu katika kambi ya wakimbizi Tanzania, nikawa namtania kwamba anaimba kwa kichwa badala ya koo. Siku za kazi aliuza vocha za simu sokoni. Jumapili hakuonekana kanisani. Mimi ni katekista wa siku nyingi, na hilo liliniuma kuliko kelele.

Alifariki kwa ugonjwa wa ini. Namshukuru Mungu kwamba niliwahi kumshika mkono, ingawa hakuweza tena kusema.

Ilipokaribia kuganduka, siku ambayo familia huvua msiba, wenzake wawili wa bendi walinijia nyumbani Yoba, hapa Gitega. Mpiga gitaa alikuwa mkimya. Mpiga ngoma, Mwislamu na fundi cherehani, ndiye aliyesema.

"Mzee, tuko na nyimbo saba. Iko za mwisho. Tulirekodi na simu yangu kule Gashoho, kabla alazwe. Tunataka kuzitoa siku ya kuganduka, lakini bila ruhusa yako, hapana."

Akaiweka simu mezani, kando ya Biblia yangu, nikasikiliza. Sita za kwanza nilizivumilia. Mmoja ulihusu nzi wa sokoni, nikacheka mwenyewe. Wa saba ulipoanza, gitaa lilinguruma juu ya maneno yote, nikaambulia neno moja tu likirudiwa: "Data! Data! Data!"

"Hata megabaiti anaziimbia?" nikauliza. "Mtu anaondoka duniani anatuachia tangazo la simu?"

Wakatazamana.

"Mzee, huu ndiyo aliupenda sana..."

"Huo hautatoka. Watu watamcheka. Futa hapa hapa, nione."

"Kweli, mzee?"

"Futa, mwanangu."

Akafuta. Mzee aliyefiwa habishiwi, na vijana wale walikuwa wamelelewa vizuri.

Kuganduka kulifanyika Muyinga, alikozikwa. Nyimbo sita zilipita simu hadi simu, na hata akina mama wa kwaya waliuimba ule wa nzi. Moyo wangu ulijaa. Nikampelekea mpiga ngoma chupa ya Fanta, nikamshukuru, kisha nikamwambia, "Ila ule wa data tulifanya vyema kuuacha."

Aliinamisha kichwa. "Mzee, usinikasirikie. Ile data haikuwa ya simu. Iko Kirundi. Alikuwa anakuita we."

Neno hilo nalijua. Data, yaani baba yangu. Marehemu baba nilimwita hivyo mpaka namzika. Lakini nyumbani kwangu tuliongea Kiswahili tulichorudi nacho, na mwanangu aliniita baba maisha yake yote. Sikutazamia kuitwa kwa Kirundi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Tulifikiri umesikia, ile ya megabaiti ni utani tu, ukakataa."

"Hakuna kwingine mlikouweka?"

"Ulikuwa kwenye simu ile tu."

"Basi niambie. Aliniita, akasema nini?"

"Mi nilikuwa napiga ngoma, mzee. Maneno sikuyafuata."

Mpiga gitaa naye alitikisa kichwa. Mwanangu, alisema, aliyabadilisha maneno kila walipojaribu, na yale ya mwisho aliyaimba mara moja tu.

Kwa miaka mingi nimewafundisha wakatekumeni, wanaojiandaa kubatizwa, kunyamaza ili wasikie. Mungu amenijalia subira katika mengi, ukimbizini na katika kurudi, nami namshukuru. Siku ile nilihitaji subira ya dakika tatu tu, sikuwa nayo. Nimetubu, na naamini nimesamehewa, lakini msamaha haujanirudishia maneno yale.

Zile sita ninazo kwenye simu yangu. Nimezisikiliza mara nyingi, nikitafuta kama alilisema humo pia lile alilotaka kuniambia. Humo anaimba nzi, barabara mbovu, mvua ya masika. Bado sijalisikia.