Kifaransa Alichofundishwa Nyapara

Owino wa Alego hakuwa mtu wa kusamehe, wala hakujisingizia. Kanisani, waumini walipofika pale pa kuwasamehe waliowakosea, yeye alifunga mdomo mpaka maneno hayo yapite, kisha akaendelea nao. Aliona heri kunyamaza kuliko kumdanganya Mungu mbele ya watu.

Aliyemkosea alikuwa Gekara, nyapara mkuu katika shamba moja la chai kati ya Kericho na Litein. Mwaka wa 1955, masika yakiwa yamechachamaa, Okello, mume wa dada yake Owino, alikufa kwa homa ya mapafu katika nyumba za wafanyakazi, zile tulizoziita laini. Barabara zilikuwa tope tupu, na hapakuwa na njia ya kuipeleka maiti hadi kwao, kando ya ziwa, basi akazikwa palepale shambani. Mjane wake, Yunia, alipaswa kwa desturi ya Wajaluo kukaa katika nyumba aliyofia mumewe mpaka wazee waje kutoka kwao kumfungua. Kabla ya hapo mjane haingii nyumba ya mtu, hakalii kiti cha mtu, wala halalii tandiko la mtu. Akifanya hivyo, humwachia mwenye kitu mkosi ambao hakuna anayetaka kuuona.

Udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi Gekara alipofika mlangoni.

"Nyumba ni ya kazi," alisema. "Mwenye kazi amekufa. Toka."

"Nyapara, mimi niko na matanga. Ngoja wazee wakuje kwanza."

"Hayo ni mambo ya kwenu. Hayanihusu."

Vyungu vikatolewa nje, mvua ikavijaza. Kabla jua halijatua, shemeji yake Gekara, kijana aliyetoka Kisii juzi, alikuwa ndani anawasha moto wake kwenye mafiga ya Yunia.

Owino hakuweza kumkaribisha dada yake nyumbani kwake, maana mwiko ni mwiko hata kwa ndugu. Alimjengea kibanda cha nyasi na magunia nyuma ya jiko, kikavuja, naye Yunia akalala humo juu ya majani ya migomba na koti la marehemu mumewe mwilini, limegeuzwa nje ndani kama wafanyavyo wajane wa kwao. Kila alipomsikia akikohoa, Owino alimuua Gekara upya moyoni. Alimuua kwa panga, alimuua kwa jembe, siku nyingine alimsukuma tu ndani ya tanuri la kiwanda akafunga mlango. Asubuhi alimsalimia, "Jambo, nyapara," na nyapara akaitikia kwa kidevu. Mwenye nguvu mpishe, watu husema. Owino alimpisha, lakini hakuondoa macho.

Nafasi ilikuja ikiwa imevaa kofia ya mzungu. Bwana Halliday, meneja, alimwita Owino ofisini na kumweleza kwamba Mbelgiji mmoja angefika kutoka Kongo, huko Kivu, ambako walikuwa wakianzisha mashamba ya chai. Alitaka kuondoka na nyapara mzoefu. Mshahara mkubwa, nyumba ya mawe, lori la kumhamisha yeye na jamaa yake yote. Halliday alikuwa amemteua Gekara. Ila Wabelgiji wa Kongo, alisema, husema Kifaransa, na ingependeza nyapara amkaribishe mgeni kwa lugha yake. Je, si kweli kwamba Owino alikijua Kifaransa?

Ilikuwa kweli. Owino alipigana Madagaska akiwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza, na vita vilipokwisha huko aliachwa kuwalinda mateka Wafaransa. Mmoja wao, fundi wa mashine mwenye mdomo usiochoka, alimfundisha lugha yake kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye.

"Nitamfundisha, Bwana," Owino alisema. Alitoka nje akaenda nyuma ya ghala la kuni, akacheka peke yake mpaka mbavu zikamuuma.

Halliday alimpa Gekara maneno ya Kiingereza ya kujifunza, na karibu yote yalikuwa na neno moja: run. Nyinyi mnaokijua Kiingereza mnaelewa jinsi Mwingereza anavyokimbiza kila kitu. Anayesimamia kiwanda anakikimbiza. Mashine ikifanya kazi inakimbia. Kuni zikiisha, yeye ndiye aliyekimbia nje ya kuni. Mafua yakimshika, pua inakimbia. Mwenyewe ameketi kitini anakunywa chai, na dunia nzima inamkimbilia mdomoni.

Mfaransa hana haraka hiyo. Kwake mashine hutembea, na ikiharibika haitembei. Kiwanda huongozwa, duka hushikwa. Pua na mto hutiririka, na kuni zikiisha husema tu kwamba hazipo tena. Haya yote Owino aliyajua, maana yule fundi mateka alimgombeza kwa kila kosa. Kama Owino angetaka, Gekara angesimama mbele ya mgeni akaongea kama aliyezaliwa Brussels.

Hakutaka. Alimpa neno moja tu, courir, ambalo ni kukimbia kwa miguu, mtu na jasho lake, akamwambia alipachike kila mahali Halliday aliposema run.

Walikutana alasiri karibu na tanuri, Gekara juu ya gunia, Owino amesimama. Hapo ndipo Owino alipoonja utamu. Yule aliyemwitikia kwa kidevu sasa alimwita mwalimu.

"Mwalimu, nikitaka kusema mimi ndiye nasimamia kiwanda?"

"Sema, je cours l'usine."

Gekara akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma Injili. Alichosema ni kwamba yeye anakimbia kiwanda, na hata Mfaransa mlevi asingejua maana yake.

"Na kuni zikituishia?"

"Nous courons dehors du bois." Yaani, tunakimbia nje ya msitu.

"Tamu sana hii lugha," Gekara alisema.

Alikuwa mwanafunzi hodari, hilo lazima nilikubali. Alirudia maneno yake njiani, akarudia akikagua majani, akarudia hata chooni, wafanyakazi wakamsikia. Siku moja tu alisita. "Mwalimu, mbona neno ni moja tu? Hawa Wafaransa hawana mengine?"

"Kiingereza nacho ni neno moja," Owino alimjibu bila kupepesa. "Wazungu ni ndugu."

Gekara akaridhika. Owino alirudi nyumbani roho imesuuzika, akachuchumaa nje ya kibanda cha dada yake na kumwambia yote: jinsi nyapara atakavyosimama mbele ya wazungu akikimbia nje ya misitu, jinsi mgeni atakavyomwona mpumbavu, na nafasi ya Kivu itakavyomponyoka.

Yunia alimsikiliza huku akipepeta mtama.

"Atachekwa," alisema. "Halafu?"

"Halafu nini? Si atakosa kazi!"

"Na akikosa, owadwa, ndugu yangu, si atabaki hapa?"

Owino hakuwa amelifikiria hilo. Akakasirika, akamwambia dada yake kwamba wanawake hawajui kisasi.

Mgeni akaja. Bwana Claes alikuwa mtu mfupi, mwekundu, na kaptura iliyomfika magotini. Halliday alimpokea mlangoni pa kiwanda, Gekara pembeni na kanzu iliyopigwa pasi, Owino nyuma yake wa kutafsiri. Wafanyakazi walikuwa wamejipanga kutazama. Gekara alivuta pumzi na kufungua mdomo, lakini mgeni alimpita, akawageukia watu wote na kuinua kofia.

"Jambo, bazee! Habari ya kazi? Miye natoka Kivu. Natafuta kapita."

Watu wakatazamana, kisha wakaitikia kwa kelele. Kiswahili! Kilikuwa Kiswahili cha Kongo, ambako nyapara huitwa kapita, kimepinda hapa na pale, lakini mtoto angekielewa. Mtu huyu aliishi na wafanyakazi wa Kongo maisha yake yote, angewaambia nini kwa Kifaransa? Wiki zote zile hakuna aliyefikiri kuuliza, si Halliday, si Gekara, si Owino na ujanja wake wote.

Claes alizunguka kiwanda akiongea na kila mtu. Mwisho alisimama mbele ya Owino.

"Weye, muzee. Huyu Gekara ni muntu wa namna gani?"

Hapakuwa tena na lugha ya kujificha. Gekara alikuwa hatua chache tu, anasikia. Chuki ilikuwa imekaa ndani ya Owino muda mrefu mno, ikatoka yenyewe.

"Ni mtu mbaya," alisema. "Shemeji yangu alikufa. Tulikuwa hatujamaliza matanga. Huyu akamtoa mjane kwa mvua, akaweka mtu wake kwa nyumba. Mjane akamlilia, hakusikia. Hana huruma hata kidogo."

Claes alimtazama Gekara kutoka viatu mpaka kichwani, kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Hana huruma?"

"Hana, Bwana."

"Muzuri," alisema Mbelgiji. "Kule kwangu batu banakaa ndani ya nyumba ya kazi na kazi hawafanyi. Huyu ndiye natafuta."

Gekara alifurahi mpaka akasahau heshima. Akapiga kifua, akamwaga Kifaransa chake chote kwa mkupuo, viwanda na misitu na mashine zinazotimua mbio. Claes alicheka hadi machozi, akampiga begani. "Tutakufundisha," alisema, na ilionekana wazi kwamba sasa alimpenda zaidi.

Owino hakula siku ile. Alikuwa amemtengenezea adui yake njia mara mbili, kwa uongo na kwa ukweli. Alipomweleza Yunia, hakumcheka. Aliuliza tu lori la kumhamisha Gekara lingepakia siku gani.

Lilipakia asubuhi ya Jumamosi, mbele ya laini, watu wote wakitazama. Viti, masanduku, kuku kwenye tenga, na juu ya vyote godoro la sufi ambalo Gekara alilinunua kwa Mhindi mjini Kericho, godoro pekee katika laini nzima. Mkewe alikuwa tayari amepanda na watoto. Yunia akatoka nyuma ya jiko na lile koti lake lililogeuzwa, maana wazee walikuwa bado hawajaja kumfungua. Watu wakampisha. Alipita katikati yao bila kumtazama yeyote, akakanyaga gurudumu, akapanda lori, akaketi juu ya godoro. Hakuishia kuketi. Akajilaza, akavuta koti, akafumba macho.

Mogaka, mpakiaji, aliruka chini kana kwamba lori limeshika moto. Mkewe Gekara alipiga yowe. Wakisii nao wana mwiko wa mjane, tena mkali. Aliwashusha watoto mmoja mmoja, akawashika mikono.

"Mwambie ashuke!" Gekara alimfokea dereva, Kipkemboi.

"Mimi ni dereva," Kipkemboi alisema, "si bolisi. Simgusi huyo mama."

Hakuna aliyemgusa. Gekara mwenyewe, mtu wa misheni aliyesema mambo hayo hayamhusu, aliinua mkono mpaka karibu na koti lile, akaurudisha. Mkewe alikuwa ameshaondoka na watoto, ameshika barabara ya Sotik kuelekea kwao, akipaza sauti kwamba halali juu ya matanga ya watu, si Kivu, si popote.

"Owino," Gekara alisema, na sauti ilikuwa imepasuka. "Mwalimu. Mwambie kwa lugha yenu. Mwombe."

Owino alimtazama, akahisi furaha ambayo Madagaska haikumpa, wala ushindi, wala medali.

"Anasikia Kiswahili," alisema. "Mwombe mwenyewe."

Na Gekara akamwomba. Akavua kofia, akasema mama, tafadhali, mama, mbele ya kila mtu aliyewahi kumwamuru. Yunia hakufumbua macho. Mwishowe Kipkemboi alipiga honi na kusema Mbelgiji hangojwi, na Gekara akalisukuma godoro kwa mpini wa jembe mpaka likaanguka pamoja na aliyelilalia kwenye nyasi. Akapanda peke yake, akaketi kati ya viti vya watu wasiokuwepo, lori likaondoka.

Owino alikimbilia kumwinua dada yake. Alikuwa akijipangusa tope, wala hakuwa ameumia.

"Umemmaliza," Owino alisema, akicheka na kulia pamoja. "Nyaminwa, umemmaliza!"

Yunia hakuwa akimsikiliza. Alikuwa ameinama, akilikunja godoro ambalo hakuna mwingine katika nchi ile ambaye angethubutu tena kulilalia. Alijitwika mwenyewe na kulipeleka kibandani.

"Ni laini," alisema.