Feni ya Gari Jeupe na Kiapo cha Nyanya za Mlali

Saa mbili asubuhi, gereji moja ya Kihonda, nje kidogo ya mji. Severin Mkude amezamisha kichwa ndani ya boneti ya gari jeupe. Kinachobaki nje ni miguu na majigambo.

"Feni ya rejeta ikinidanganya mimi, naacha ufundi," anasema kutoka humo ndani. "Narudi kijijini Mlali kulima nyanya."

"Na msimu hauko mbali," anajibu Shakila, muuza uji wa jirani, bila kuinua macho kwenye sufuria yake.

Severin, mwenye umri wa miaka 42, ni fundi umeme wa magari. Gereji yake ni mabati manne, benchi moja na rundo la vyuma chakavu. Kazi kubwa inayomlisha siku hizi ni feni za rejeta, zile zinazovuta upepo wa mbele ya gari uingie ndani kupoza maji ya injini.

Zamani feni ilizungushwa na mkanda wa injini. Injini ikizimwa, nayo inalala. Tangu biashara iwe huria na magari ya mtumba ya Japani yaanze kumiminika nchini, feni imekuja na umeme wake na akili zake.

Severin alikuwa fundi umeme kiwandani hadi mwaka 1993, wafanyakazi walipopunguzwa. "Kiinua mgongo kiliisha kabla mgongo haujanyooka," anasema. Akahamia kwenye magari, akijifunza kwa kupapasa.

Hasahau feni yake ya kwanza ya umeme. "Gari limezimwa, ufunguo ninao mfukoni. Napeleka mkono, feni hiyo, vuuu, yenyewe. Nikajua gari limepandisha mashetani. Nilirusha spana, sijui hata ilikoenda."

"Ilikuja kwenye sufuria yangu," anakumbusha Shakila.

"Na uji uliuzwa."

Baadaye akaelewa kwamba injini ya moto inaweza kuiamsha feni hata gari likiwa limezimwa. Leo, siku ikiwa njema, anaondoka na shilingi elfu tano. Siku mbaya anakopa uji.

Gari la asubuhi hii ni la Mwalimu Margareth, ambaye hana hata wiki tatu tangu alinunue kwa dalali mjini. Kila akipanda kilima, mshale wa joto nao unapanda. Limeshachemka mara mbili. Fundi mwingine amemwonya kwamba likichemka mara ya tatu, silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, itapasuka.

Na leo lazima apande milimani, Mkuyuni, kumchukua mama yake, anayesubiriwa hospitali kesho kwa upasuaji wa macho.

"Nimembembeleza mwaka mzima ndiyo amekubali," anasema. "Nisipotokea leo, atapata sababu ya kukataa. Nikimkosa leo, fundi, nimemkosa moja kwa moja."

Severin anaanza. Anaunga feni moja kwa moja na betri: inazunguka. Anachomoa fyuzi na kuiangalia juani: nzima. Anaipa umeme rilei, kidude kinachoiwasha feni, na kuitegea sikio: inagonga. Anachomoa plagi ya swichi ya joto iliyo chini ya rejeta, anaunganisha matundu yake mawili kwa kipande cha waya. Feni inanguruma.

"Mgonjwa ni huyu," anasema, akiifungua swichi. "Amekufa, hasikii tena joto."

Anafunga nyingine kutoka kwenye rundo lake. Injini inapopata moto, feni inaamka yenyewe.

"Mwalimu, nenda hata Lushoto."

"Sina mtu Lushoto. Naenda Mkuyuni, na wewe unapanda."

Severin anapanda. Mwandishi wa makala haya anabanwa kiti cha nyuma pamoja na boksi la spana. Njia nzima kupita mjini, fundi anasimulia feni alizozishinda. Baada ya kupita Bigwa kilima kinaanza, na mshale unaanza nao.

Severin anaacha hadithi katikati na kuukazia mshale macho.

Margareth anasimamisha gari kando. Mikono yake haitaki kuachia usukani. "Fundi. Ndiyo ya tatu hii?"

"Bado haijachemka," anajibu, kwa sauti ya mtu aliye msibani.

Anafungua boneti. Feni inazunguka kwa nguvu zote. Swichi inafanya kazi. Kila kitu kinafanya kazi, na injini inaungua. Anazunguka mbele ya gari, anainama, na upepo wa moto unampiga usoni.

Anaruka nyuma kama aliyemwagiwa maji.

Anachukua ukurasa wa gazeti na kuuweka mbele ya rejeta. Ulipaswa kunata hapo. Badala yake unaruka, unavuka barabara na kutua kwenye migomba.

"Mungu wangu," anasema taratibu. "Inapuliza nje."

Feni inazunguka kinyume. Gari likienda, upepo wa barabara unaingia, feni inautoa. Asubuhi yote alikuwa anaangalia kama inazunguka. Hakuangalia inazungukia wapi.

Anafuata nyaya kwa kidole. Plagi ya mota iliwahi kukatwa, nyaya mbili zikaungwa kwa mkono, zikapishana na kuzungushiwa tepu nyekundu.

"Ona, Mwalimu. Tepu nyekundu. Fundi umeme gani huyu? Ni hawa vijana wa mjini, wanaua injini za watu."

Anageuza nyaya. Ukurasa mwingine wa gazeti unanata kwenye rejeta kama stempu. Mshale unateremka. Mkuyuni wanamkuta mama ameketi juu ya begi lake, kanga begani.

"Mmechelewa," anasema. "Macho yalishaanza kupona."

Hata hivyo anapanda.

Alasiri, gari linamshusha Severin Kihonda. Anashuka na ile tepu mkononi. Mpango wake, anaueleza akiwa wima katikati ya gereji, ni kupanga fremu ya duka kando ya barabara kuu, aweke kibao cha "Daktari wa Feni" na kufundisha vijana kazi safi. Tepu hiyo ataipigilia ukutani. "Waone uchafu ulivyo."

Shakila anaipokea, anaigeuzageuza. Kisha anainua chupa yake ya chai. Mshikio wake uliovunjika umezungushiwa tepu nyekundu.

"Tepu hii si yangu, fundi?"

Severin anacheka. Hakuna anayecheka naye.

"Mwezi uliopita, gari jeupe la dalali Geofrey. Tepu yako nyeusi ilikuishia, ukaja kuazima hii. Ukasema dakika mbili tu, dalali ana haraka."

Severin anageuka kulitazama gari. Magari ya Japani yanafanana kama mayai, lakini hili, kadiri anavyolitazama, linazidi kujitambulisha. Margareth amezima injini ili asikie vizuri.

Shakila anairudisha chupa yake mahali pake.

"Jembe unalo, fundi," anauliza, "au nalo nikuazime?"