Mafuta ya Papa kwenye Kompyuta ya Mwanaisha

Nakumbuka siku moja pale Kismayo, mwanangu, nilipofurahia hasara ya mwenzangu kabla sijajua kuwa hasara ile ni ya mamangu.

Kakangu Kassim alikuwa ameshafika Ulaya. Akampa msafiri kompyuta ndogo ya mkononi atuletee, ya zamani hata kwa siku zile, ya kuandikwa kwa kijiti. Ubavuni huchomekwa kadi bapa inayonasa mtandao wa duka la jirani, na kwa kadi hiyo ndiyo sauti ya Kassim iliyorekodiwa ilikuwa ikitufikia. Sasa waona alimletea nani? Mama aliyemzaa? Mimi niliyembeba mgongoni tukikimbia vita? La. Mkewe, Mwanaisha. Ati Mwanaisha kasoma. Mimi ni chuo cha Kurani na jiko, basi. Namtaja kwa jina, sioni haya. Alikuwa akiifunika kwa leso, na nikifika mimi huifunua polepole, kama afunuaye bibi harusi. Roho yangu ikiungua.

Siku hiyo Mama alitaka kumsikia mwanawe, maana kesho yake alikuwa anakwenda kisiwani Koyama kwa watu wake, na huko wakati ule hakukuwa na mtandao wowote. Tukafika, tukakuta kadi imekufa. Kitaa chake cha kijani hakiwaki. Mwanaisha kaizima kompyuta, kaiwasha, kachaji betri, kachomoa kadi kairudisha, kapanda nayo darini. Wapi! Mwisho akafukiza ubani, akaizungusha ile kompyuta juu ya moshi, macho kwangu.

"Juzi uliitazama hukusema mashallah."

"Niseme mashallah kwa kibati?"

"Basi jicho lako limeiua, wifi. Hasidi hana sababu."

Mola anisamehe, nilicheka. Moyoni nikasema, na ife, tuwe sawa. Nikamshika Mama mkono. "Twende zetu, Mama."

Mama hakuinuka. "Wewe wacheka nini? Hicho kikifa, mwanangu nitamsikia wapi? Wamchekea Mwanaisha au wanichekea mimi?"

Nikauachia mkono wake.

"Na wewe Mwanaisha," akasema, "wamtafuta mchu wa kulaumu, na kitu chenyewe hujakitazama. Lete."

Macho ya Mama yalikuwa hafifu. Akaichomoa kadi, akaipeleka puani.

"Mbona hii yanuka mashua?"

Shee, ndugu yake Mwanaisha, mvuvi, alikuwa kaketi mlangoni. Akaanza kujikuna shingo. Naye namtaja. "Niliipaka mafuta ya papa," akasema, "chumvi isiile. Kidogo tu. Na kule ndani inakoingia."

"Shee!" Mwanaisha akapiga ukelele.

"Si kila kitu chetu cha mashuani twakipaka?"

"Na mashua yako husema na Ulaya?" Mama akamuuliza.

Mafuta yalikuwa yameganda na vumbi juu ya vile vimeno vya shaba, shaba haigusi shaba. Mama akaamuru mimi nishike, Mwanaisha apanguse. Kwa kitambaa, kisha kwa ufutio wa shule. Kitaa kikapepesa, kikazima. Tukachovya pamba katika spiriti, tukaizungusha kwenye kijiti cha kiberiti, tukasafisha na kule ndani. Vichwa vyetu vimegusana. Tukangoja ikauke. Kitaa kikawaka, na sauti ya Kassim ikaingia.

Kassim alimsalimu Mama, akamsalimu Mwanaisha, akamsalimu hata Shee. Mimi wa mwisho. Mpaka leo yaniuma, nisikudanganye. Lakini Mama alitaka Mwanaisha airudie sauti ile, naye akairudia tena, na asubuhi akaondoka uso umemkunjuka. Kutoka Koyama hakurudi. Tulimzika huko huko.

Mwanangu, kitu kikiharibika, kitazame kitu kwanza kabla hujamtafuta mtu. Mwanaisha aliona jicho palipokuwa na mafuta, kwa kuwa alinijua nina kijicho. Na kijicho kikikujia, maana kitakujia tu, usiiombee sahani ya mwenzio ivunjike. Uliza kwanza ni nani mwingine anayekula humo. Mimi nilitaka kumvunjia Mwanaisha, kumbe aliyekuwa akila ni mamangu.

Mola akupe riziki yako, mwanangu, na akupe macho ya kuiona ya mwenzio bila kuumia. La kwanza amenipa. La pili bado namwomba.