Chaki Nyuma ya Vigae

Saa nne asubuhi, mlango wa chumba cha kulala uko wazi, na ule wa bafu lililo ndani yake umeng'olewa kabisa. Kitandani ameketi mwenye nyumba, mshonaji wa magauni, akitia vifungo. Sindano inakwenda yenyewe. Macho yako bafuni.

Humo ndani, mahali ambapo mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili, mwanamke aliyechuchumaa anatoa kigae kwenye ndoo ya maji, anakikung'uta, anakipaka saruji mgongoni na kukibandika ukutani. Anakigonga kwa mpini wa mwiko. Anasikiliza. Anagonga tena.

Majirani wanamwita Fundi Kimya. Si kwamba hana maneno. Anasema kigae kilichoshika vibaya hulia kama debe tupu, na mtu anayepiga soga hawezi kukisikia.

"Huo ukimya wake ndio unaonitia shaka," mshonaji anamwambia mwandishi aliyekuja kutazama kazi, wala hapunguzi sauti. "Msemaji unajua anakoelekea. Huyu je?"

"Nakusikia, shangazi," sauti inatoka bafuni.

"Nimesema usikie."

Ana sababu. Fundi aliyetangulia alikabidhiwa vigae vizuri, akabandika vya bei rahisi, na vile vizuri vikaondoka naye. Vile rahisi havikumaliza mwaka ukutani. Safari hii mshonaji amenunua vyeupe, na vya kijani kwa ajili ya mstari utakaopita usawa wa kioo. Na amejipanga.

Fundi Kimya naye ana yake moyoni. Miaka miwili iliyopita, alipomaliza kupamba jiko la watu, baba mwenye nyumba alimpa nusu boksi ya vigae vilivyobaki. Getini akakutana na mke akirudi kutoka safari. "Mwizi!" Mume alikuwa amesimama barazani pale pale, hakufungua mdomo. Habari zikamtangulia kila mtaa. Kwa miezi minne simu yake haikulia, akafua nguo za watu ili watoto wale.

"Tangu siku hiyo sichukui hata kipande," anasema. "Bafuni kwangu ni saruji tupu. Mwanangu wa pili ananicheka: mama fundi, mguu wangu unachubuka."

Kazi hii kaipata kwa kuombewa na shemeji yake. Anajua ikiharibika habari zitafika wapi.

Adhuhuri mambo yanaharibika. Mshonaji anashuka kitandani, anainamia ndoo, anageuza kigae kimoja. Anageuza cha pili, na cha tatu.

"Alama zangu ziko wapi?"

"Alama gani, shangazi?"

"Usiniite shangazi! Kila kigae nilikitia msalaba nyuma, kwa mkono wangu. Hivi si vyangu. Umevibadilisha nilipokwenda kwa jirani kujisaidia!"

Fundi Kimya anasimama. Mikono imejaa saruji na hajui aiweke wapi. "Pekua mfuko wangu. Pekua popote. Huyu mwandishi alikuwepo, muulize."

"Na yeye namjua wapi?"

Fundi anampita, anafungua boksi ambalo halijaguswa. Nyuma ya kigae cha kwanza kuna msalaba wa buluu.

"Hizi? Mimi nilidhani ni za kiwandani." Anaupitisha kidole. "Umeandika na nini?"

"Chaki yangu ya kazi."

Anakizamisha kwenye ndoo, kama anavyofanya kwa kila kigae cha namna hii, maana kikiwa kikavu hunyonya maji ya saruji na saruji haishiki. Wote wawili wanainama. Buluu inalegea, inapanda kama moshi, inapotea. Kinapotoka, mgongo ni mweupe.

Mshonaji anakaa ukingoni mwa kitanda. Kwa chaki hiyo huchora hata magauni ya maharusi.

"Wateja wote nawahakikishia inatoka kwa maji," anasema taratibu. Kisha: "Na mimi wananishuku, unajua? Eti napunguza vitambaa vyao."

"Na unapunguza?"

"Koma wewe!" Lakini anacheka. Hata hivyo, anageuza vigae vingine vitatu vya lile boksi, kuhakikisha.

Siku mbili baadaye mstari wa kijani umezunguka kuta bila kukatika konani. Kioo kinatazama dirisha, na bafu linaonekana kama limeongezwa nafasi. Vimebaki vigae saba. Mshonaji anamsogezea.

Fundi Kimya anarudisha mikono nyuma. "Hapana, shangazi."

"Chukua. Si nimekupa mimi?"

"Hata yule baba alinipa."

Lakini anavihesabu kwa kidole. Anasema angependa kuanzia pale mwanawe anaposimama kuoga. Vichache leo, vichache kazi ijayo, kila nyumba na rangi yake, mpaka bafu lijae. Kisha anavilaza vyote saba kifudifudi kitandani.

"Niandikie nyuma kwamba umenipa. Utie na sahihi. Kila kimoja."

Mshonaji anaingiza mkono mfukoni mwa aproni na kutoa chaki. Anaitazama. Anairudisha.

"Ngoja nikatafute kalamu."