Nilivyosafisha matanga ya jirani

Mimi ni shefu wa salongo kwenye avenue yetu, huku Shari. Kila Jumamosi asubuhi, watu wakitoka na majembe kusafisha mitaro, ninajiona mukubwa kuliko meya.

Jumamosi ile nilikuwa nimerudi tu kutoka Nizi. Nikakuta matawi mabichi katikati ya barabara, pahali kamyo ilikufa wiki iliyopita. Nikasema, dereva aliweka majani haya ili watu waone kamyo yake, kisha akaondoka bila kuyaokota. Watu gani hawa! Nikayapakia yote kwenye pusepuse yangu, nikaanza kuisukuma.

Hapo nikaanza kutoelewa. Mama aliyepita na kikapu cha sombe kichwani alinitazama, akafanya alama ya msalaba. Wazee wawili waliokaa mbele ya kiwanja cha jirani wakasimama ghafla. Nikafikiri wanashangaa bidii yangu, basi nikaiongeza. Pikipiki ikapita mbio, muziki juu kabisa, nami nikaipungia mukono kwa furaha: barabara iko safi!

Jirani yangu akatoka nje, miguu peku, kitambaa kichwani. Nikamuwahi kwa ukali:

“Mama, ni weye uliacha takataka hapa? Utalipa amande ya uchafu!”

Alitazama pusepuse, kisha akanitazama mimi.

“Papa Shefu, rudisha majani. Tuliweka kwa sababu ya matanga, ili pikipiki zipite polepole. Bwana yangu iko ndani, bado hatuyamuzika. Amande nitalipa kisha.”